Natoka Yamaha V Star 650 kwenda kruza nyingine (pikipiki ya kukaa chini kwa starehe), spea za kubadilisha nitapata?

wakuu habari, V Star yangu 650 nataka kuiachia, mashine haina shida ila safari ndefu inachoka mapema, sasa nimebaki kati ya Kawasaki Vulcan 900 na Harley Sportster 883 iliyotumika. napenda kuibadilisha kidogo, hendobaa ya juu, siti, eksozi. ipi ina spea nyingi zisizo za kampuni?

gia_tano: Sportster bila ubishi, injini ya Evolution ipo tangu 1986 spea zake zimejaa kila kona. lakini shika mwaka wa pikipiki mkononi kabla hujalipa, 2004 walibadilisha fremu wakaweka injini juu ya raba, kwahiyo vitu vingi vya 2003 kushuka chini havikai kwenye za 2004 kwenda juu

mama_kruza: mimi nasema Vulcan ndugu yangu, inapoozwa kwa maji na inatumia mkanda badala ya mnyororo, kwa safari ndefu utatulia. spea ni chache kuliko za Harley ila siti na kioo cha upepo vipo. na hiyo hendobaa ya juu usinunue peke yake!! waya wa klachi, waya wa mafuta na paipu ya breki vyote vitakuwa vifupi, kata kona tu uone vinavyovutika

muulizaji: asante mama, na eksozi je?

gia_tano: kama ni ya injeksheni utahitaji kurekebisha kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini, ya kabureta unabadili jeti (kitundu kinachopitisha mafuta)