Ushauri wakuu: nina Jumamosi moja Uswisi, nipande treni ya mlimani au niache?

Afisa wa Mtumba
Habari za majukumu wakuu. Mwezi wa pili nina semina Zurich, mambo ya ugavi. Ratiba imeniachia Jumamosi nzima, ndege ni Jumapili usiku. Mimi mgonjwa wa treni. Tangu SGR, reli yetu mpya ya umeme, ianze kubeba abiria hadi hapa Dodoma Julai 2024, basi la Dar nimelisahau, na ile treni yake ya kasi, Mchongoko, ilipoingia ndiyo kabisa. Sasa kuna hizi treni nyekundu za Uswisi, shirika linaitwa Rhaetian, za umeme, mpya, zinakatiza milima yenye theluji hadi mpakani na Italia. Je, siku moja inatosha kwenda na kurudi Zurich? Nikate ile ya watalii yenye vioo hadi darini, Bernina Express, au kuna ya kawaida? Posho za semina mnazijua.

Halafu kuna jambo linanitatiza. Reli yao ina upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya kati ya zamani, na kwenye njia ya Bernina, inakopita hiyo Express, inapanda mlima bila ile reli ya meno katikati. Mzee mmoja hapa mtaani, mstaafu wa reli, kanikatalia katakata: itateleza. Na mimi kuchungulia korongo siwezi, hata mahandaki ya Kilosa huwa napita nimeinama kwenye simu. Nawasilisha.

Dereva wa Nkuhungu
Posho peleka kwenye kiwanja Nala. Treni iangalie kwenye simu, bando la elfu moja linatosha.

Afisa wa Mtumba
Kiwanja kipo mkuu, hati ndiyo sijaiona hadi leo. Turudi kwenye mada.

Fundi Waya
Mzee wako ana hoja, ila anahesabia kichwa kimoja kinachovuta mabehewa. Pale kinachoshika reli ni magurudumu ya kichwa peke yake, mabehewa yote nyuma ni mzigo tu. Njia ya Bernina ina sehemu zinazopanda mita 70 kwa kila mita 1,000. Kwa treni ya kukanyaga reli tupu huo ni ukuta.

Wao wamezitawanya mota. Treni wanayotumia pale inaitwa Allegra, ya kiwanda cha Stadler, na ubavuni imeandikwa ABe 8/12. Soma hizo namba: ekseli 12, kati ya hizo 8 zinaendeshwa na mota. Behewa alilokaa abiria nalo linasukuma, na uzito wa abiria mwenyewe unasaidia gurudumu kung'ang'ania reli. Kompyuta inapima kila ekseli, ikianza kuteleza inapunguziwa nguvu kabla dereva hajastuka.

Kingine, ile treni inakula umeme wa aina mbili. Kutoka mji wa Chur hadi St. Moritz, inakoanzia njia ya Bernina, waya una volti 11,000 za AC, umeme wa mkondo geu. Njia ya Bernina ni volti 1,000 za DC, mkondo mnyoofu kama wa betri, na mifumo hiyo inakutana stesheni ya Pontresina. Zamani hapo lazima ubadilishe kichwa, Allegra inapita tu. Sisi SGR ni volti 25,000 mwanzo mwisho, raha mustarehe.

Kwa nini umeme na si dizeli? Mlimani hewa ni nyepesi, injini ya dizeli inapumua kwa shida, na bado inabeba mafuta yake yenyewe. Ya umeme haina hayo. Ikishuka, mota zinageuka jenereta, umeme unarudi kwenye waya na treni inayopanda inautumia. Oktoba 29, 2022 waliunganisha treni zao 25 za aina ya Capricorn, mabehewa 100, karibu kilomita 2 za treni, wakaishusha mlimani kutoka stesheni ya Preda hadi Alvaneu kuvunja rekodi ya dunia ya treni ndefu ya abiria. Mojawapo ya shida zao ilikuwa umeme mwingi mno ungerudi kwenye waya, ikabidi waende pole pole.

Mstaafu wa Saranda
Fundi umenena. Kwetu kipande cha Saranda kwenda Manyoni, pale reli ya kati inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa, shida si jua wala mzigo. Ni mvua ya kwanza. Vumbi likilowa juu ya reli panakuwa kama pamepakwa mlenda. Hapo unamwaga mchanga mbele ya magurudumu na unatuliza mkono, ukikurupuka kuongeza moto yanazunguka hapo hapo na reli inaliwa. Mwambie huyo mwenzangu wa mtaani kwamba upana wa mita moja hauna kosa. Wajerumani walifikisha hii yetu Dodoma 1910, na mwaka huo huo njia ya Bernina ikakamilika, yao ikiwa ya umeme tangu kuzaliwa. Mlimani wembamba ni faida, unakunja kona kali. SGR yetu haiwezi kona zile, ndiyo maana ilibidi itobolewe mahandaki.

Afisa wa Mtumba
Shikamoo mzee. Nitamfikishia, ingawa namjua, atasema hiyo mvua ya Saranda nimeitunga.

Mstaafu wa Saranda
Marahaba. Mwambie aje tubishane.

Mama Chipukizi
Kaka, nimesoma kule, ngoja nikupe ya kwenye tiketi. Usikate Bernina Express. Ile lazima ulipie kiti juu ya nauli, na madirisha yake hayafunguki, picha zote zinatoka na taa za ndani. Treni ya kawaida inapita reli ile ile, milima ile ile, huhitaji kushika nafasi. Tafuta tiketi ya siku nzima ya nchi nzima, ukiiwahi mapema bei inakuwa chini sana.

Kufika Tirano, mwisho wa njia kule Italia, na kurudi Zurich siku moja ni kujitesa. Kutoka St. Moritz hadi Tirano ni kilomita 61 tu lakini zinakula zaidi ya saa mbili, usije na akili ya Mchongoko. Ondoka Zurich saa moja asubuhi, Chur unabadilisha kwenda kwenye treni nyekundu, kaa upande wa kulia ulione daraja la Landwasser. Lina kimo cha mita 65, linakata kona na kuingia moja kwa moja kwenye handaki. Wewe mwoga, hilo handaki litakuokoa. Ukitoka Preda kuna handaki lingine la karibu kilomita 6, jipya, limefunguliwa Juni 2024, mwezi ule ule SGR ilipoanza Dar hadi Morogoro. St. Moritz unabadilisha tena, unapita kilele Ospizio Bernina, mita 2,253, yaani Dodoma juu ya Dodoma. Shukia stesheni inayofuata, Alp Grüm. Pana mgahawa na barafu la Palü mbele yako. Kula, geuka na treni inayorudi. Jioni uko Zurich.

Supu ya pale bei yake itakuuma kuliko baridi. Beba mkate.

Dereva wa Nkuhungu
Haya nimekubali, nenda. Ila koti ulilonalo la Juni la Dodoma halitoshi.

Afisa wa Mtumba
Nimeamua: treni ya kawaida, mwisho Alp Grüm. Mama Chipukizi, asante sana. Koti naenda kuchambua mitumba Sabasaba. Viatu je? Hivi vyangu vya ofisini soli ni laini.

Mama Chipukizi
Hivyo utaanguka hapo hapo stesheni, kabla hata ya kuiona treni. Tafuta buti za soli yenye meno.

Mstaafu wa Saranda
Na ukiwa Pontresina shuka jukwaani, uangalie mbele ya gurudumu la kwanza kama kuna kibomba cha mchanga. Piga picha uilete humu.