Baba yake bibi alitoka Ayalandi kuja kuchimba dhahabu Chunya: nianzie wapi kuutafuta ukoo wake?

Mjukuu wa Chunya (Mbeya)

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufuatilia historia ya ukoo nje ya nchi. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ana miaka 86 na ninaishi naye hapa Ilomba, ni mtoto wa Mwayalandi aliyekuja machimbo ya Lupa miaka ya 1930, wakati Chunya ilipojaa wachimbaji wa dhahabu kutoka kila upande. Aliishi na mama yake bibi kwa miaka michache, akaondoka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakurudi tena. Bibi alikuwa mdogo mno, hata sura yake haikumbuki.

Alichoachiwa ni kitabu kidogo cha sala chenye jalada jeusi lililopasuka mgongoni. Ndani ya jalada kuna maandishi ya penseli: jina la ukoo linaloanza na O na alama ya ritifaa, mwaka 1913, neno "Mayo", na chini yake neno jingine ambalo herufi tatu za mwanzo ni "Kil" na zilizobaki zimefutika kwa kushikwashikwa. Bibi hasomi Kiingereza, lakini kila Jumapili hukitoa sandukuni na kwenda nacho kanisani. Mwezi uliopita aliniambia kwamba anataka kujua watu wa baba yake wamezikwa wapi kabla yeye mwenyewe hajazikwa. Sitafuti pasipoti wala mali. Natafuta jibu la swali hilo.

Nimetafuta mtandaoni nikakuta mamia ya watu wenye jina lile lile, na nimesoma mahali kwamba kumbukumbu zote za Ayalandi ziliteketea kwa moto. Je, ni kweli?

Mtunza Nyaraka Mstaafu (Iringa)

Ndugu Mjukuu, mpe bibi shikamoo yangu. Si kweli kwamba zote ziliteketea, na ni vizuri ujue hasa kilichopotea ili usikate tamaa bure. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua pamoja na hazina ya nyaraka za karne nyingi, na vipande vya karatasi zilizoungua vilipeperuka juu ya jiji. Humo zilipotea karibu karatasi zote za sensa za kuanzia 1821 hadi 1851, pamoja na vitabu vingi vya parokia za Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 hazimo katika hesabu ya moto huo, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Kwa mtu aliyefanya kazi ya kutunza majalada maisha yake yote, hilo la pili linauma kuliko la kwanza.

Lakini sensa ya 1901 na ya 1911 zimesalia nzima, na Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bila malipo. Ikiwa kitabu hicho kiliandikwa 1913 na mwenyewe akiwa kijana mdogo, basi mwaka 1911 alikuwa nyumbani kwao, na jina lake limo. Usiishie kwenye orodha ya majina. Fungua picha ya fomu yenyewe. Utaona nani alikuwa mkuu wa kaya, dini yao, nani aliweza kusoma, nani alizungumza Kiayalandi, na kwa mama mwenye ndoa utaona ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba badala ya sahihi.

Jihadhari na umri. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na kwa sababu uandikishaji wa vizazi vyote ulianza 1864 tu, wazee wengi hawakuwa na cheti chochote, na baadhi wakajiongezea miaka ili walipwe. Hivyo utamkuta mtu wa miaka 56 mwaka 1901 akiwa na miaka 71 mwaka 1911. Usimkatae kwa sababu hiyo peke yake.

Mwalimu wa Tukuyu

Naongeza kuhusu majina, kwa kuwa sisi tuliokulia Rungwe hatupaswi kuyaona mageni. Kama ambavyo Mwa- katika majina ya Kinyakyusa humfungamanisha mtu na ukoo wake, ndivyo Ó ya Kiayalandi inavyomaanisha mjukuu au uzao wa fulani, na Mac ikamaanisha mwana wa fulani. Chini ya utawala wa Waingereza familia nyingi ziliacha viambishi hivyo, na baadhi wakavirudisha mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo tafuta jina hilo likiwa na O na likiwa bila O, kwa maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti.

Hilo neno la "Kil" linatokana mara nyingi na *cill*, yaani kanisa, na mara nyingine na *coill*, yaani msitu. Majina ya namna hiyo ni mengi kule kama yalivyo mengi hapa Mbeya yanayoanza na I: Iyunga, Iwambi, Igawilo. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000 na vingi vina majina yanayofanana, ndiyo maana jina la mtu na jina la jimbo (hapa Mayo, jimbo la magharibi mwa Ayalandi) havitoshi. Ukikipata kitongoji na parokia yake, umeupata ukoo.

Na ukimsimulia bibi habari za Mayo, usiiache njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Ugonjwa ulioangamiza viazi vyao ni bakajani chelewa, huo huo ambao wakulima wa Isyonje huupigia dawa kila masika: jioni shamba ni la kijani, baada ya siku chache majani ni meusi na yananuka. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama. Mayo ilikuwa na watu zaidi ya 388,000 mwaka 1841, na miaka kumi baadaye walibaki takriban 274,000. Watoto wa waliobaki waliendelea kuondoka kwa vizazi vingi, na mmoja wao akafika Lupa.

Bibi alibatizwa kwa jina gani, na nani alilichagua? Waayalandi walikuwa na desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao.

Dada wa Mafinga

Mimi nilipoteza mwaka mzima nikifuatilia familia isiyo yangu, kwa sababu nilianzia Ulaya badala ya kuanzia nyumbani. Nenda kwanza parokiani alikobatizwa bibi, uombe kwa heshima kuonyeshwa kitabu cha ubatizo, kwa sababu huandikwa humo majina ya wazazi na wasimamizi. Kisha tafuta orodha za abiria wa meli zilizoondoka Uingereza kati ya 1890 na 1960: zinaonyesha umri, kazi na bandari aliyoshukia mtu, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Beira. Ukishapata umri huo, unaweza kulinganisha na vyeti vya kuzaliwa katika tovuti ya irishgenealogy.ie, ambako vyenye zaidi ya miaka 100 husomwa bure.

Kuhusu kipimo cha vinasaba, apimwe bibi, asipimwe mjukuu. Yeye amebeba nusu ya baba yake. Wewe umebeba wastani wa sehemu moja ya nane.

Mjukuu wa Chunya (Mbeya)

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Bibi anaitwa Brigita, na anasema mama yake alimweleza kwamba baba ndiye aliyeng'ang'ania jina hilo.

Jana usiku nilifungua sensa ya 1911 na kupata kaya mbili za Mayo zenye jina hilo la ukoo na mvulana wa umri unaofaa, zote katika vitongoji vinavyoanza na "Kil". Katika moja, mama wa nyumba anaitwa Bridget. Amezaa watoto tisa na saba wako hai. Najua akina Bridget walikuwa wengi mno Mayo, hivyo sijasema kwamba ndiyo hiyo. Alhamisi nitakwenda Chunya parokiani kuomba kitabu cha ubatizo.

Nilimsomea bibi fomu hiyo, jina baada ya jina, nikimweleza kwamba huenda si wenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie lile la wale watoto wawili waliokufa, akauliza kama karatasi inasema waliitwa nani. Haisemi. Akaniambia nikiwapata, nimwandikie pembeni mwa kitabu cha sala, chini ya ile penseli.