Mjadala: Watoto wapimwe uzito darasani, na kina mama wa getini waondolewe?

Mwanzisha mada, Chumbageni

Wana Tanga, habari za jioni. Kuna jambo limetugawa kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa mjini (jina naliacha), nikaona nilimwage hapa tulijadili kwa upana. Kamati ina mapendekezo mawili. La kwanza, kila muhula watoto wapimwe uzito darasani na majibu yarushwe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ili waliolala wazinduke. La pili, kina mama wote wanaouza vitafunwa getini waondolewe. Sababu ni moja: watoto wananenepa kupita kiasi.

Tatizo lipo, sibishi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390, na milioni 160 kati yao walishafikia unene uliokithiri. Hapa mjini nako mambo yanaonekana kwa macho, hasa kwenye zile shule ambazo basi linamchukua mtoto mlangoni na kumrudisha mlangoni.

Ninachokipinga ni mizani darasani. Mtoto wa darasa la nne anapanda, mwalimu anasoma kilo kwa sauti, kiranja anaandika, darasa zima linasikia. Kufika mapumziko ameshapachikwa jina, na jina hilo atamaliza nalo la saba. Halafu hicho alichoaibishiwa wala si kipimo. Chukua watoto wawili wa miaka tisa, kila mmoja kilo 35. Mmoja ana urefu wa sentimita 142, huyo yuko sawa. Mwingine ana sentimita 122, huyo ni mfupi kwa umri wake na mpaka wa unene uliokithiri ameshauvuka. Kilo ni zilezile. Bila urefu, umri, jinsia na chati ya kusomea, mwalimu atakuwa anatangaza namba tupu.

Na hata majibu yakienda nyumbani, je, yanasaidia? Huko California, Marekani, watafiti walifuatilia shule 79 kati ya mwaka 2014 na 2017 wapate jibu la swali hilohilo. Ripoti za uzito zilizotumwa kwa wazazi hazikupunguza uzito wa watoto. Kilichojitokeza ni kwamba watoto waliopimwa shuleni walizidi kutoridhika na miili yao.

Msimamo wangu: uzito upimwe zahanati, shule ishughulike na chakula, maji na uwanja. Karibuni. Mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Mama wa wanne, Makorora

Napinga, tena kwa uchungu. Zahanati gani unayoisema, kaka? Kadi ya kliniki ya mwanangu wa tatu inaishia miaka mitano. Tangu hapo hakuna mtu aliyempandisha kwenye mizani mpaka alipougua malaria akiwa na miaka kumi, na hapo walimpima ili wajue apewe dawa kiasi gani. Miaka yote hiyo alikuwa anaongezeka tu. Nyumbani kila mgeni anamsifu, bibi yake anamwongezea wali wa nazi kwa sababu mtoto mwenye mashavu ni fahari ya nyumba. Mimi nilikuwa nikisema, naambiwa namnyima mtoto chakula. Ningekuwa na karatasi yenye muhuri ningekuwa na cha kuwaonyesha.

Shuleni ndiko watoto wote waliko. Asiyefika zahanati, shule anafika. Hilo la WhatsApp silikubali, ni kuwaanika watoto wa watu. Lakini kupima, wapime.

Muuza getini, Ngamiani

Mimi ni mmoja wa hao mnaotaka tuondoke. Nauza mihogo ya kuchemsha na ya kukaanga, bajia, viazi karai, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Mtoto ananijia saa nne na mia mbili au mia tano mkononi, hajatia kitu tumboni tangu jana usiku. Njaa ile si ya mchezo, anachukua kinachoshibisha haraka. Msidhani mihogo ya kuchemsha hawaitaki. Wanaitaka, ila iwe bado inatoa moshi na kachumbari juu yake. Ikipoa inanidodea. Machungwa nayo, siku ya jua kali yanaisha kabla ya bajia.

Sasa niwaulize: soda zinauzwa wapi? Mimi friji sina. Soda, juisi za pakiti, biskuti na pipi ziko kwenye duka la ndani ya uzio, na kodi yake inapokelewa na shule. Mkinitoa mimi mkaliacha duka hilo, mtakuwa mmemtoa mnyonge tu na sukari mmeibakiza. Niambieni nisiuze nini, nitaacha. Niambieni mafuta ya jana nisiyarudie, sitayarudia. Lakini wanangu nao wanasoma, na daftari zao zinatoka kwenye sinia hili.

Mkazi wa Raskazone

Naona tunakimbilia tatizo dogo tukiliacha kubwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 umeonyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni asilimia 4. Fedha za lishe ni kidogo. Zipelekwe kwa waliodumaa kwanza.

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Ndugu wa Raskazone, takwimu zako ni sahihi, ila ni za watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Na haya mambo mawili mara nyingi ni mtoto mmoja. Aliyekosa lishe bora miaka miwili ya mwanzo urefu wake unabaki nyuma. Baadaye akianza kupata chipsi, soda na maandazi, anaongezeka upana. Yule wa sentimita 122 aliyetajwa juu ndiye huyo. Ukimwona njiani utasema ananawiri.

Kuhusu kupima, naomba wote mnisikilize kidogo, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Urefu wa watoto shuleni tayari huwa tunaupima. Mnakumbuka wakati wa kugawa dawa za kichocho? Mtoto anasimama kwenye ule ubao wenye alama, urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Watu walewale, siku ileile, wakiongeza mizani nyuma ya pazia wanapata kila wanachohitaji. Hakuna haja ya kutaja namba kwa sauti. Uingereza watoto hupimwa shuleni wakianza na wakikaribia kumaliza shule ya msingi, faraghani, na majibu anaandikiwa mzazi peke yake. Hilo tunaliweza.

Ila kupima bila pa kumpeleka mtoto ni kumtia mzazi hofu bure. Nadhani ndicho kilichowakwamisha wale wa California, barua ilifika nyumbani ikaishia hapo. Kwa hiyo bahasha iwe na tarehe ya kuja kwetu.

Akija tunafanya nini? Kwanza hatumwachishi kula. Mtoto anakua, na kwa wengi, hasa wadogo, inatosha kilo zisimame pale zilipo huku urefu ukipanda. Tunauliza chai ya asubuhi ina vijiko vingapi vya sukari, anakunywa nini mchana, analala saa ngapi, simu anaishika muda gani. Tunachagua mambo mawili tu ya kubadilisha, na yanabadilishwa na nyumba nzima. Huwezi kumnyima soda mtoto mmoja wakati baba yake anaifungua mezani. Chupa ya mililita 350 nyingi zina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa miaka tisa chupa hiyo peke yake inakaribia kulijaza fungu lote, na chai hatujaihesabu. Anarudi baada ya miezi mitatu, tunapima tena.

Marekani, madaktari wa watoto walitoa mwongozo mwaka 2023 unaosema familia ipewe angalau saa 26 za ushauri ndani ya miezi mitatu hadi kumi na miwili. Zahanati ya muuguzi mmoja na foleni ya chanjo haiwezi, niseme ukweli. Tunachoweza ni kuwakusanya wazazi kumi kwa pamoja, mchana chanjo zikiisha.

Msisubiri tarehe yoyote mkiona haya: ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene kama velveti, mtoto anakoroma na pumzi inakatika usingizini, anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida yake, au anachechemea akilalamika goti au nyonga. Mleteni, na tukiona inazidi uwezo wetu tutampa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bombo. Na zile chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitandaoni msimpe mtoto. Nawasihi.

Mwalimu mstaafu, Pongwe

Mmezungumza chakula, uwanja mmeutaja kwa jina tu. Mtoto wa umri huu anatakiwa saa nzima ya kutoka jasho kila siku. Ratiba ina kipindi cha michezo, lakini ukikaribia mtihani kipindi hicho kinakuwa cha hisabati, na jioni ni twisheni, kisha madrasa. UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikija tunachagua wepesi, tunawafundisha hao tu. Yule mnene anaachiwa mabegi ya wenzake chini ya mwembe. Nimeliona hilo shule baada ya shule. Anayehitaji kukimbia kuliko wote ndiye tunayemkalisha.

Halafu huu ni mji wa baiskeli, jamani. Tumekua tukizipanda kwenda shule. Leo mzazi anaogopa bodaboda na malori, na hofu yake ni ya haki. Halmashauri ingetenga njia ya pembeni hata kwenye barabara chache zinazopita mbele ya shule, watoto wangerudi kwenye baiskeli wenyewe bila semina.

Mwanzisha mada, Chumbageni

Nimewasoma wote. Dada wa Makorora, baada ya maelezo ya muuguzi nakubali kipimo kifanyike shuleni, mara moja kwa mwaka, faraghani, na mhudumu wa afya, siku ya dawa za kichocho. Mwalimu asiguse mizani. Majibu yaende kwenye bahasha yenye tarehe ya zahanati, na zahanati ikisema haina nafasi mwaka huo, tusipime mwaka huo. Kwenye hili la mwisho sitarudi nyuma.

Getini, kina mama wabaki. Tukae nao, orodha iandikwe, na orodha hiyohiyo ilibane duka la ndani kabla ya sinia la nje. Chile tangu mwaka 2016 chakula chenye alama nyeusi ya sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hakiuzwi ndani ya shule kabisa. Walianza na viwanda, sisi tumeanza na mama wa mihogo.

Mwalimu, kipindi cha michezo nitakiingiza kama ajenda ya tatu.

Kilichobaki ni uji wa asubuhi. Yule mama kasema wazi kwamba watoto wanakuja hawajala, na mtoto mwenye njaa hatachagua chungwa. Wazazi wakichanga unga na sukari kidogo, kuni na mpishi nani analipa? Kwenye kikao kila mmoja aliangalia chini. Nahitaji hesabu ya shule yoyote ya Tanga ambako uji unapikwa na haujasimama mwaka mzima.

Mama wa wanne, Makorora

Bahasha nakubali. Ila asiyekuwa na nafasi zahanati naye apimwe, karatasi yake tutaihifadhi wenyewe mpaka nafasi ipatikane. Na hizo siku za kliniki ziwe Jumamosi, siku za kazi sisi wa sokoni Mgandini hatutoki.

Uji: shule ya binti yangu wanapika, wazazi wanachanga mahindi wakati wa mavuno badala ya fedha. Kesho namuuliza mwalimu mkuu kama naweza kuwaletea daftari lao la michango.