Tupeane uzoefu: ĩ, ũ na ng' kwenye kompyuta

Mwana wa Nyeri: Leo nimepita bango la lugha ya Kikuyu halina ĩ wala ũ hata moja, nikakumbuka mazishi ya cũcũ, nyanya yangu. Programu ya mazishi tuliichapa usiku kwa laptop ya nyumbani, asubuhi tukapeleka cyber na flashi, watu washafika mochari, kuprinti zikatoka na viboksi kila mahali penye ĩ na ũ, hata jina lake, Wanjirũ ikawa Wanjir□. Mamangu aliishika ile karatasi akashindwa kuongea. Muda wa kuprinti tena haukuwepo, tukajaza kwa biro ndani ya matatu, nakala moja moja, mpaka tukafika shambani.

Nyakwar Kisumu: Woi, pole sana.

Fundi Cyber: Pole ndugu. Hiyo ni fonti, mashine ya cyber haikuwa nayo. Hifadhi kwa PDF kwanza, fonti inaenda ndani ya faili. Na ũ ni rahisi, shika Alt upige 0169.

Mwalimu K: Usipotoshe watu, hiyo inaleta ©! Ndani ya Word andika 0169 kwanza ndio ubonyeze Alt na X. ĩ ni 0129.

Fundi Cyber: Mbona kwangu inakubali

Mwalimu K: Inakubali wapi. Na kwa neno kama cũcũ chagua zile namba nne peke yake, la sivyo c inahesabiwa ndani ya msimbo.

Mtu wa Bukavu: Huku tuko na kibodi za Kifaransa, AZERTY, alama za kunukuu « » hazina kitufe. Alt 0171 na 0187.

Ng'wana Mwanza: Nyie mna nafuu jamani. Mfumo wa chuo uliikataa ' ya jina langu eti herufi batili, wakanisajili bila alama, cheti cha form four kinayo, basi majina hayafanani na mkopo ukakwama, nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba mimi ni mimi. Nalipia jina la babu yangu!!

Dada wa Tanga: Duh. Na ukikopi majina toka Word kwenda Excel ile ’ iliyojipinda na ' iliyonyooka zinahesabika mbili tofauti, unatafuta mtu humpati na yumo.

Nyakwar Kisumu: Andikeni bila alama yaishe

Mwana wa Nyeri: Haiishi. Ungekuwa na ile karatasi mkononi usingesema hivyo.

Fundi Cyber: Ng'wana, mkopo ulitoka?

Ng'wana Mwanza: Ulitoka muhula wa pili. Cheti cha chuo bado hakina alama, nafuatilia.