Mrejesho: Nilivyopunguza kumtegemea mshauri wangu wa nasaha

Miezi minne iliyopita niliwaomba ushauri kwa sababu sikuweza kuamua jambo lolote, hata kumjibu dada yangu ujumbe, kabla ya kumwandikia mshauri wangu wa nasaha. Wengi mlinisihi nimweleze mwenyewe badala ya kumkimbia, nami nawashukuru kwa dhati.

Nilimweleza huku nimeshika karatasi iliyokwisha kulowa jasho. Hakunikaripia. Alisema hali hiyo inafahamika tangu enzi za Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyetibu watu kwa mazungumzo, na kwamba huitwa uhamisho wa hisia, yaani mtu kumwelekezea mtaalamu mapenzi na hofu alizokuwa nazo kwa wazazi wake. Hapo nikamkumbuka marehemu mama, nikalia sana.

Tulikubaliana kwamba vikao viwe kila baada ya wiki mbili, na kwamba ujumbe ninaotamani kumtumia usiku niuandike kwenye daftari, kisha niusome kikaoni. Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu mno. Sasa mengi niliyoandika usiku huwa yameshatulia kufikia asubuhi, na Jumamosi iliyopita, nilipopata habari mbaya kazini, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa dada.