Mchumi aanzie wapi: chuoni au taasisi ya sera?

Mwana_Takwimu: Wakuu, nimemaliza uzamili wa uchumi na nina barua mbili mkononi. Chuo kikuu kimoja kinanitaka mhadhiri msaidizi, ajira ya kudumu, ila ufadhili wa uzamivu nijitafutie. Taasisi ya utafiti wa sera hapa Dar inanipa mkataba wa miaka miwili, mshahara karibu mara mbili ya chuo. Ninachokipenda ni umaskini wa vijijini. Nishaurini.

Kibatari: Nenda chuo. Mtazame marehemu Profesa Benno Ndulu: alifundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa miongoni mwa waasisi wa AERC, shirika la utafiti wa uchumi Afrika lenye makao Nairobi, mwaka 1988, akaliongoza, akaenda Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania (BoT) 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u wa Kenya naye alitoka kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya 2007 hadi 2015, akaongoza AERC, na 2022 akawa Waziri wa Fedha. Wote walikuwa na uzamivu kwanza. Ukishakuwa nao, serikali itakufuata hukohuko darasani.

Mama Nuru: Kibatari, hao ni magavana, mdogo wetu ndiyo kwanza anaanza. Mimi nina miaka tisa kwenye sera. Swali la uzamivu wangu sikulipata maktaba, nililipata Songea tukihoji kaya: mama aliuza mahindi yote Julai kwa bei ya chini alipe ada, Februari akayanunua tena kwa bei ya juu. Chuoni ningelisoma hilo kama jedwali tu. Na andiko la kurasa nne likifika wizarani kabla bajeti haijafungwa, linasomwa. Ila mada anachagua mfadhili. Niliwahi kuhamishwa mradi katikati ya uchambuzi kwa sababu fedha zimekwisha, na zile dodoso zikabaki kabatini. Hadi leo inaniuma, maana watu walitupa muda wao.

Mwana_Takwimu: Dada, muda wa kuandika makala zako uliupata wapi?

Mama Nuru: Saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Kabla hujasaini, omba iandikwe kwamba data utakazokusanya unaruhusiwa kuzitumia kwenye uzamivu.

Kibatari: Hilo nakuunga mkono. Na chuoni uliza una vipindi vingapi kwa wiki. Ukipewa madarasa ya wanafunzi mia nne mia nne, utasahihisha mitihani tu.

Mwana_Takwimu: Asanteni sana. Kesho asubuhi napiga simu kote kuwili. Taasisi wakikubali kuhusu data, nasaini kwao.