Kimo cha maji kile kile, tope tofauti: naombeni msaada, niko Arolla

Mwanafunzi_Sion
Wakuu, habarini. Niko Uswisi, napima mashapo (tope na mchanga unaobebwa na maji) kwenye kijito kinachotoka chini ya barafu ya Haut Glacier d'Arolla. Nachota maji kwa chupa, nachuja, nakausha karatasi, napima uzito. Sasa, saa tisa alasiri maji yakipanda na saa tatu usiku yakishuka, rula ya ukingoni inasoma kimo kile kile. Lakini karatasi ya alasiri inatoka na utando kama saruji mbichi, ya usiku ina kijivu hafifu tu. Msimamizi anataka mchoro wa mstari mmoja: kimo hiki, tope hili. Inawezekana kweli?

Bi_Mashapo
Mdogo wangu, vipimo vyako viko sawa. Huo mstari mmoja ndio haupo, na usikubali kuulazimisha.

Barafu huteleza juu ya mwamba na kuusaga, hivyo chini yake kuna unga wa mawe muda wote. Usiku maji yakipungua, nguvu ya kubeba huisha na mchanga hutua ndani ya njia za chini ya barafu. Mchana jua likiyeyusha, njia hizo hujaa, presha hupanda, na maji husukumwa pembeni kwenye tope ambalo kwa kawaida hayalifikii. Miaka ya 1990 watafiti walitoboa visima kwa maji ya moto kwenye barafu hiyo hiyo unayoipima, wakaiona presha ikipanda na kushuka kila siku. Maji yanayopanda hukuta mzigo umeshaandaliwa. Yanayoshuka hupita palipokwisha kuzolewa. Ndiyo maana mara nyingi kilele cha tope hutangulia kilele cha maji. Chora nukta zako za kimo na tope, uziunganishe kwa mpangilio wa saa ulizochota, utaona kitanzi badala ya mstari.

Tena usichanganye Juni na Agosti. Mwanzoni mwa kiangazi theluji bado ipo na maji hupenya polepole kwenye mianya midogo. Baadaye njia hupanuka, kilele cha siku huwahi zaidi na huwa kikali.

Na chupa haishiki kila kitu. Kokoto na mawe huviringika sakafuni. Inama karibu na maji jioni, utayasikia yakigongana.

Fundi_Banio
Upo juu ya banio, yaani kizuizi cha kukinga maji ya kijito, au chini yake? Maji ya huko hukingwa yapelekwe bwawa la Grande Dixence, lile lenye ukuta wa mita 285. Kwenye banio mchanga na kokoto hutuama, kisha malango hufunguliwa ghafla kuvisafisha. Ukipima chini yake unapima ratiba ya malango, si barafu. Na soma vibao vya tahadhari ukingoni, maji hayo huja bila kupiga hodi.

Mwanafunzi_Sion
Niko juu ya banio. Asanteni sana, hicho kitanzi nimekiona tayari kwenye data ya wiki iliyopita!

Marangu_Juu
Samahani kuingilia. Mbona mito yetu ya Kilimanjaro haina rangi hiyo?

Bi_Mashapo
Kaka, kule kileleni Kibo hewa ni kavu na baridi, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mito yenu hutegemea hasa mvua ya ukanda wa msitu. Kwa hiyo msitu huo ukikatwa, msitegemee barafu iwaokoe.

Mwanafunzi, jambo moja bado: usigawe chupa zako sawasawa kwa saa 24. Weka nyingi kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa yanapanda. Usiku wa manane chache zinatosha. Na msimamizi akiuliza, mwonyeshe zile karatasi mbili za kimo kimoja.